Mkwe Aliyetumwa Kumbeba Syombua

Syombua wa Kanyangi alikuwa mama wa kujifanyia mambo. Mume wake alipokufa mwaka wa sitini na nne, ndugu za marehemu walikuja kumwuliza ataishi na nani. Akawaambia ataishi na mbuzi zake, na akaishi nazo vizuri tu. Alifyatua matofali mwenyewe, akamsimamia fundi mpaka fundi akatamani kutoroka.

Halafu mwaka wa sabini na nane akapanda ghalani kuangalia mbaazi, ngazi ikateleza, mguu ukavunjika. Hospitali ya misheni ilimfunga plasta. Siku ya kuitoa, daktari akamwambia, "Mama, anza kutembea pole pole." Lakini binti yake, Mutindi, alikuwa nje akitafuta gari. Yeye alijua mama amevunjika, basi. Akamwandika Muthoki amtunze.

Muthoki alikuwa amefagia wodi miaka miwili, na katika kufagia huko akajiona amesomea unesi. Alifunga kitambaa cheupe kichwani, akatoa sheria. Mgonjwa hakanyagi chini. Mgonjwa hashiki kijiko. Mgonjwa akiwashwa, aseme ni wapi akunwe.

"Ni mgongoni," Syombua alisema.

"Juu ama chini?"

"Si nikikuonyesha na mkono nitakuwa nimejikuna?"

"Mkono upumzike, susu," Muthoki akasema, akimwita nyanya kwa Kikamba.

Mahindi na maharagwe alinyimwa, ati ni chakula kigumu kwa mtu wa mguu.

"Kwani mimi natafuna na mguu?"

Muthoki alimpulizia uji uliokuwa umeshapoa, akamtia mdomoni.

Wiki ya tatu Mutindi akaja kutoka Mutomo. "Mwaitu," akamwita mama yake kwa Kikamba, "huku uko mbali na sisi. Ijumaa unahamia kwangu. Ndolo anakuja na pikapu ya rafiki yake, atakubeba mpaka nje."

Syombua alihisi nyumba yote imemwangukia. Ndolo ni mume wa Mutindi, na kwa Wakamba mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani kila mmoja anaingia kichaka chake. Miaka kumi na mitano, Syombua alimjua Ndolo kwa mgongo na kofia.

"Anibebe? Ndolo? Na mikono yake?"

"Mwaitu, sisi tumeokoka. Hayo ni ya zamani."

"Na yeye umemwuliza?"

Mutindi akaanza kukunja blanketi.

"Nikitoka kwa hii nyumba sirudi," Syombua akasema. "Mtauza mbuzi, na huko nitapuliziwa uji mpaka nife."

Ijumaa Ndolo akafika. Kanisani alikuwa mzee wa kuhubiri juu ya ujasiri, lakini pikapu aliiacha mbali kabisa. Alikuja kinyumenyume, kofia imefunika macho, akikohoa kila hatua. Alikanyaga kuku, akagonga nguzo, akaiomba nguzo msamaha.

"Baba Mutie, geuka!" Mutindi akamwambia mumewe.

"Nikigeuka nitamwona!"

"Sasa utambeba aje?"

"Mwambie apande mgongoni!"

Syombua aliona mgongo mpana ukijaa mlangoni, ukija. Hakungoja. Alitupa blanketi, akamnyang'anya Muthoki ufagio, akauegemea, akatoka kwa mlango wa jikoni. Alikata katikati ya mbaazi mpaka zizini, akachutama nyuma ya beberu.

"Ametembea!" Muthoki akapiga kelele.

"Amekimbia," Ndolo akasema, bado akiangalia uani. "Hizo hatua nimezisikia. Mtu kama huyo mimi sibebi." Akaondoka, safari hii uso ukiwa mbele, na mbio.

Mutindi alimkuta mama yake akihema, amelowa jasho.

"Mwaitu, kumbe unaweza?"

"Daktari aliniambia nitembee. Nani aliniuliza alisema nini?"

"Na hauumi?"

"Unauma sana. Lakini ni mguu wangu."

Mutindi akaketi chini kwenye mavi ya mbuzi na gauni lake la Mutomo, akacheka mpaka akalia. Ya kuhama hakuyataja tena.

"Maji siwezi kuteka," Syombua akasema. "Hiyo nakubali. Na kuni. Muthoki abaki, lakini kabla hajanigusa aniulize."

Muthoki alibaki miaka sita. Watu wakimwuliza kazi yake kwa Syombua ni gani, alivua kitambaa, akajipepea. "Nateka maji," alisema, "halafu naambiwa niketi."