Mandolini Nzito

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu mwaka jana nilimpoteza mke wangu. Aliumwa wiki tano, akafia hapa nyumbani Kharumwa, asubuhi, mimi nikiwa nimetoka kuchota maji. Naliandika hilo mwanzo ili nisije nikalikwepa. Yanayofuata ni habari za mandolini tu.

Alikuwa anaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, mstari wa mbele, wa tatu kutoka mlangoni. Mimi nilipiga mandolini. Ni kama gitaa dogo, lina nyuzi nane zilizokaa mbili mbili, na mlio wake uko juu, kwa hiyo waimbaji wanautumia kupata sauti ya kuanzia. Yangu ilikuwa nyekundu, ya kujifunzia, niliinunua Kahama ikiwa ndani ya boksi. Nilipofungua boksi nilikuta kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya kifua, ule ubao wa mbele, kimelala pembeni, kimefungwa kwenye karatasi. Nikadhani kimebanduka njiani. Nikakibandika kwa gundi, nikafunga nyuzi, nikaanza kujifunza.

Usipobonyeza uzi ililia sawa. Ukianza kubonyeza ilidanganya kidogo, na kadiri vidole vilivyosogea kuelekea kifuani ndivyo ilivyozidi kudanganya. Mke wangu alikuwa na sikio kali.

"Baba, hicho kibati chako kinanivuta shati," alikuwa akisema tukirudi kutoka mazoezini. "Mimi nakwenda huku, chenyewe kinakwenda kule. Tafuta kingine."

"Baada ya mavuno."

"Mavuno ya wapi? Ya Ulaya?"

Nilimjibu hivyo miaka mitatu. Mavuno yalikuja, tukaezeka nyumba, tukapata plau, na kibati kikabaki kwenye msumari wake. Sikushindwa kununua. Niliona tu si jambo la haraka.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kwaya ilikubaliana kwamba siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mke wangu afariki wataimba wimbo aliokuwa akiuongoza. Wimbo ule unaanza na mandolini peke yake, juu kabisa, ndipo sauti ya kwanza wanaingia. Mwalimu wa kwaya, ambaye ningeweza kumzaa, alinifuata baada ya ibada.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ule wimbo wa mama. Kwa chombo hiki tutaimba huku tunatafutana. Bora nianzishe kwa mdomo, wewe siku hiyo upumzike."

Sikutaka kupumzika siku hiyo. Nilimwambia nitaleta mandolini nyingine, aniachie mimi nianze. Akasema sawa, ila aisikie kwanza.

Nikaanza kutafuta. Kahama muuzaji alinipa kigitaa cha nyuzi nne. Nikamwambia nataka nane. Akasema, "Mzee, hii ni ile ile, wamepunguza mzigo tu." Geita mjini walikuwa na magitaa ya umeme na spika ndefu kuliko mimi. Nilipotaja mandolini, msichana wa dukani aliniuliza kama ni dawa. Nilirudi nyumbani mara mbili mikono mitupu, na mara ya pili sikula, nililala tu kwa hasira.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyesikia habari za duka moja Shinyanga mjini. Yeye ni mchimbaji, amekaa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, tangu hajaota ndevu. Akasema twende wote, mimi nikienda peke yangu nitarudi na ngoma.

Duka lilikuwa la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, anauza redio, vipaza sauti na vyombo vichache vya muziki. Alitusalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," shemeji akacheka hadi akashika ukuta. Alikuwa na mandolini mbili. Moja ilikuwa ya kahawia iliyokoza, mpya, inang'aa mpaka unajiona uso. Ya pili ilikuwa ya njano, imeshatumika, ina mikwaruzo karibu na tundu. Ya njano ilikuwa na bei ndogo kidogo, lakini zote mbili niliziweza.

Mama alizipiga zote, taratibu, moja baada ya nyingine. Ya njano ilijaza duka. Hilo nililisikia. Siwezi kusema sikulisikia.

Ndipo nikafanya nilivyozoea. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kule huulizi jiwe lina nini. Unalishika mkononi, unalipima na jingine, na lililo zito ndilo unaloliweka upande wako. Jepesi unalitupa. Mkono wangu unajua hivyo hata nikiwa nachagua kiazi. Nikachukua mandolini mbili, moja kila mkono, nikazipima. Ya njano ilikuwa nyepesi kama kibuyu kitupu. Ya kahawia ilinivuta bega.

"Shemeji, zito hilo," akasema shemeji.

"Nimeona."

"Hili jingine ni makapi. Limekwanguliwa, jepesi, halafu rahisi. Mama, hili ulilipata kwa nani, kwa kuku?"

Mama hakucheka. Aliniangalia mimi. "Baba, mandolini inachaguliwa kwa sikio. Hii nzito ni plaiwudi, na rangi wamepaka nene. Hii ya njano kifua chake ni ubao mmoja, mwembamba, ndiyo maana inalia."

"Anataka kutoa la zamani kwanza," shemeji akaninong'oneza kwa Kisukuma. Mama akamjibu kwa Kisukuma kwamba la zamani atalitoa tu, hata bila sisi.

Niliona aibu, lakini mkono haukukubali. Nikachukua nzito. Yule mama aliifunga vizuri, akanipa na nyuzi za akiba.

Jumamosi nikaipeleka mazoezini. Ilikuwa haidanganyi, hilo ni kweli. Kila nilipobonyeza ilitoa sauti iliyopaswa kutoka. Lakini sauti yenyewe ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Mwalimu wa kwaya alirudi nyuma hatua tano, akatega sikio, akarudi nyuma tena.

"Umeanza, mzee?"

"Nimeshamaliza."

Akina mama wa mstari wa mbele wakacheka, kisha wakakumbuka wimbo ni wa nani, wakanyamaza. Hicho kimya kiliniumiza kuliko kicheko.

Nikarudi Shinyanga peke yangu, nimebeba zote mbili, nzito na ile nyekundu, nia yangu nimwombe mama azichukue zote anipe ya njano. Alinikaribisha kiti. Akasema ya njano imekwenda juzi, amekuja mtu kutoka Maganzo ameipiga mara moja tu, akalipa.

Nikaziweka zote mbili juu ya meza yake. Nafikiri alinionea huruma, maana alichukua ile nyekundu, ambayo sikuwa nimemwomba aitazame, akaanza kuibonyeza bonyeza. Akainamisha kichwa. Akajaribu kusukuma kile kijiti kwa kidole gumba.

"Nani ameweka gundi hapa?"

"Mimi. Kilikuwa kimebanduka."

"Hakikubanduka, baba. Hakibandikwi kabisa. Kinashikwa na nyuzi zenyewe. Unakisogeza mpaka sauti ikae, basi." Akanionyesha kwenye ile nzito: akalegeza nyuzi kidogo, akasukuma kijiti, ikadanganya kama kibati changu, akakirudisha, ikasema kweli. "Hapa umekiweka nje kama upana wa ukucha."

Nikamuuliza kama anaweza kukitoa. Alijaribu kwa kisu chembamba, akaacha. "Nikiking'oa, kifua kitakuja nacho."

Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyostahili mteja ambaye hanunui kitu. Miaka mitatu yule mama wa nyumbani kwangu alikuwa ananiambia, naye alikuwa sahihi, na dawa yake haikuwa mavuno wala duka. Ilikuwa ni kusukuma kijiti kwa kidole. Nilitaka kumkasirikia mtu. Nilimtafuta katika wote, muuzaji wa Kahama, shemeji, hata mama huyu aliyenipa kiti. Hakuna aliyepaka gundi isipokuwa mimi.

Nikaiacha nyekundu pale, akasema atatumia zile funguo za kukazia nyuzi. Nikarudi na nzito.

Siku ya kumbukumbu kanisa lilijaa. Ndugu wa mke wangu walitoka Ushetu, shemeji alikaa mbele amevaa shati jipya. Nilisimama mahali pangu pa siku zote, pembeni karibu na ngoma. Mwalimu akanipa ishara, nikaanza. Nilipiga sawa. Sauti ya kwanza hawakunisikia, wengine wakaingia chini, wengine juu, na mwalimu akanyanyua mkono, wote wakanyamaza. Shemeji akaangalia viatu vyake.

Mwalimu aliniambia polepole, "Mzee, nianzishe mimi?"

Nikatikisa kichwa. Nikatoka pale pembeni na mandolini yangu, nikavuka mbele ya watu wote, nikaenda kusimama katikati ya akina mama wa sauti ya kwanza, wa tatu kutoka mlangoni. Walikuwa hawajapaziba mahali pale. Nikapiga tena, kifua cha mandolini kikiwa karibu na mabega yao, na safari hii waliingia wote pamoja, mahali panapotakiwa.

Tukaimba beti zote nne. Tulipomaliza, mama aliyekuwa kushoto kwangu akaniinamia.

"Baba, sogea kidogo. Umenikanyaga kanga."

Nikasogea.