Mtakatifu Monika Alivyotuhama

Sisi tuliokunywa maji ya mtungi kabla soda haijafika kijijini tuna ya kukumbuka, hata kama mimi niko kidato cha tatu tu na watu watanicheka nikisema "enzi zetu".

Nakumbuka hija ya kila mwaka, kutoka Kintinku kwenda kilima cha msalaba. Vumbi mpaka kwenye kope, nyimbo, harufu ya viazi vitamu vya kuchemsha kwenye vikapu. Vituo vyote njiani vina majina ya watakatifu, na wageni hudhani watakatifu wenyewe waliwahi kupita huku. Wapi! Mama yeyote aliyewatolea mahujaji maji, katekista alikiita kituo kwa jina lake la ubatizo: Mtakatifu Anna, Mtakatifu Sesilia. Na uani kwetu, kwa ajili ya bibi yangu na mtungi wake, palikuwa Mtakatifu Monika. Shuleni nilitambia jina hilo, mimi nisiyethubutu hata kunyoosha kidole darasani.

Ndipo ikaja ruksa, serikali ikaruhusu kila mtu afanye biashara. Baba akaleta kreti za soda kutoka Manyoni, mtungi akauingiza ndani.

"Mwanangu, watu wana kiu," bibi akamwambia.

"Mama, siku hizi ruksa. Mwenye kiu anunue soda."

Mahujaji walipofika, hakuna aliyenunua. Walimsalimia bibi, wakapaangalia pale mtungi ulipokaa miaka yote, wakapita. Nilijibanza nyuma ya kreti, masikio yananiwaka. Jirani yetu Mama Hadija, Mwislamu, akatoka mbio na ndoo ya maji na vikombe vyake vyote, hadi vile vya wageni.

"Sasa hapa tupaiteje?" kijana mmoja akauliza. "Mtakatifu Hadija?"

Wakacheka. "Paiteni mnavyotaka," Mama Hadija akajibu, "ila vikombe virudi!"

Katekista akafuta maji kwenye ndevu. "Monika amehamia hapa," akasema.

Mwaka uliofuata bibi alijitwika mtungi wake, akavuka njia bila kumtazama baba, akaenda kugawa maji kwa Mama Hadija. Anafanya hivyo mpaka leo.

Wadogo zangu hawayajui haya. Wao bila soda hawafiki hata kituo cha kwanza, na wanadhani kituo kilikuwa kwa Mama Hadija tangu mwanzo. Siwasahihishi, naona aibu. Zamani nikiulizwa kwetu ni wapi, nilijibu kwa sauti: Mtakatifu Monika. Siku hizi nasema taratibu: jirani na Mtakatifu Monika.