Vyungu vya Mama Mkwe

Askari wangu aliomba aviinue yeye vile vyungu. Ningeweza kumruhusu. Nilikataa, nikaviinua kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kanjo, yaani baraza la mji wa Kakamega, ikanipa kazi ya kusimamia askari wake. Sheria niliijua barabara: asiweke mtu bidhaa mahali pa kuzuia njia ya umma, aonywe kwanza, asiposikia, ziondolewe. Siku za soko wanawake walipanga mali yao hadi kwenye lami, watoto wa shule wakalazimika kupita katikati ya malori. Tuliwaonya. Wengi walirudi nyuma ya mtaro. Kati ya wachache waliobaki alikuwamo mama mkwe wangu, aliyeleta vyungu kutoka Malinya.

Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Wakikutana njiani humpisha, na kitu chake hakigusi. Wenzangu ofisini walilijua hilo. "Sheria yako inaishia kwa mama mkwe," mmoja alinitania. Maneno hayo yaliniuma, nikaamua kuwaonyesha.

Aliponiona nikija, mama mkwe aligeuka, akajifunika uso kwa leso, akamwambia jirani yake, muuza ndizi: "Mwambie huyo mwana wa watu asimame hapo hapo. Nitasogea nikipata wa kunisaidia kubeba."

Muuza ndizi akacheka. "Umesikia, mkwe? Wenzako huleta ng'ombe. Wewe umekuja kuchukua vyungu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Askari akaninong'oneza, "Afande, niachie mimi. Wewe ngoja kwenye lori."

"Hapana," nilisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Sheria haina ukwe."

Nikainama. Mkono wa shati langu uligusa leso yake, na kicheko kikakatika. Hakikuvunjika chungu hata kimoja. Nilivipanga lorini juu ya nyasi, taratibu, nikiamini uangalifu huo ungenitetea.

Jioni mke wangu aliniuliza, "Askari hawakuwepo?"

"Walikuwepo."

Alifunua sufuria, akaifunika tena bila kupakua. Asubuhi alikwenda kwao.

Wazee walinishauri nipeleke kondoo wa kutakasa kosa lile. Nikawajibu kwamba mtu hatakaswi kwa kufanya kazi yake. Niliushikilia msimamo huo mvua zikaja na kwisha. Nilipompeleka kondoo hatimaye, shemeji yangu alinipokea langoni, akaitazama kamba mkononi mwangu. "Umechelewa," alisema. "Dada ameolewa Matungu."

Nilirudi na kondoo wangu, nikapita palepale nilipoviondoa vile vyungu. Wanawake walikuwa wamerudi siku nyingi, bidhaa zao zimefika kwenye lami kama zamani.

Mke wangu hakurudi. Nilimpoteza kwa ajili ya kipande cha barabara ambacho sikuweza hata kukilinda, na uzee huu ninaumaliza peke yangu.