Fundi Marilza na pistoni nne za mwisho

Saa moja asubuhi, Jumapili ya mwezi Julai, baridi ya mji wa Sertãozinho imeshuka hadi nyuzi saba. Marilza Bortolin amefungua boneti ya Uno Turbo ya mwaka 1994, na anamimina petroli ya ujazo wa kikombe kimoja kwenye kitangi kidogo kilicho kando ya betri. Gari la ethanoli, spiriti inayotengenezwa kwa miwa, halipendi baridi. Asubuhi kama hii, lisipoonjeshwa petroli kidogo haliamki.

"Washa," anasema, bila kumtazama aliyeshika usukani.

Aliyeshika usukani ni mdogo wake, Ademir, dereva wa malori ya miwa. Anazungusha ufunguo. Injini inakohoa, inakohoa tena, inanyamaza.

"Wenye gari tumeamka, lenyewe bado limelala," anasema Ademir.

"Washa, usihutubie."

Mara ya tatu injini inashika. Ule moshi wenye harufu tamu unatoka kwenye ekzosi na kutawanyika kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kunyunyizia dawa mashamba, ambao umezungukwa na miwa pande zote. Marilza anasimama kando ya injini akiisikiliza, mikono imefichwa kwapani.

Ndani ya injini hiyo mna pistoni nne ambazo hazitengenezwi tena. Marilza amezihangaikia miaka miwili, akazipata mjini Piracicaba kwa mzee mmoja aliyekuwa amezifunga kwenye gazeti na kuziweka chini ya kitanda. Zikiyeyuka leo, basi. Gari litauzwa kama chuma chakavu, na pamoja nalo itakwenda nafasi ya mwisho ya ndugu hawa wawili kukaa meza moja.

Maana pistoni za kwanza ziliyeyuka miaka kumi na minne iliyopita, kwenye uwanja huu huu, mbele za watu.

"Zile niliziua mimi," anasema Marilza, bila kuzunguka mbuyu. "Nilikosea hesabu. Huu si ugonjwa wa kusema utaona dalili kwanza. Unasikia mlio mmoja, moshi mweupe, kwisha."

Marilza ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Kazi alifundishwa na marehemu baba yake, Querino, katika gereji iliyo nyuma ya nyumba yao. Kazi yake hasa ni kuyabadili magari ya zamani ya petroli ili yanywe ethanoli. Kwa gari moja hutumia siku tisa na hulipwa reali 2,800. Mwezi wenye magari mawili, ukiongeza matengenezo madogo madogo, akishatoa gharama anabaki na kama reali 4,000.

Kazi haikosekani. Wiki hii lita ya ethanoli inauzwa chini ya reali nne, na petroli imevuka sita. Miwa yenyewe imefika hadi mlangoni. Nani anataka kununua kitu cha ghali kilichotoka mbali?

Lakini gari lenye turbo ni habari nyingine.

"Spiriti haina joto kama petroli, kwa hiyo lazima umimine zaidi, karibu theluthi zaidi," anaeleza. "Sasa turbo inasukuma hewa kwa fujo. Hewa ikiwa nyingi na spiriti ikapungua hata kidogo, mle ndani panawaka moto wa kuchomelea vyuma. Pistoni haina ujanja hapo."

Querino alipofariki aliwaachia watoto wake gari hili kwa pamoja. Marilza akapiga hesabu, akafunga nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta na pampu yenye nguvu zaidi. Ademir akaendesha. Jumamosi ile watu kama mia mbili walikuja na viti vyao kutazama. Katika mbio ya tatu Ademir aliona gari linalegea, akazidi kukanyaga. Pistoni ya tatu ikatoboka tundu la kupitisha kidole.

Jioni ile, kwenye duka la mikate, mbele ya wanaume waliokuwa wakinywa kahawa, Ademir alitamka neno ambalo mji haukulisahau: "Mnunulieni dada yangu kikokotoo."

Walicheka sana. Jina likamganda. Watoto waliokuwa hawajazaliwa siku ile leo wanamwita Kikokotoo bila kujua kwa nini. Wateja walimkimbia mmoja mmoja, naye akafunga gereji, akaenda kutengeneza matrekta ya kiwanda kimoja cha sukari kwa miaka sita kabla ya kuifungua tena. Usiku alikuwa akilifungua daftari lake na kuzipiga upya hesabu zile zile. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Badala ya kuliamini jibu, akaacha kujiamini yeye.

Tangu hapo hasemi na Ademir. Kwa mama yao, Dona Oneida, Jumapili moja ina chakula cha mchana mara mbili. Saa sita anakula Ademir na familia yake. Saa nane anakuja Marilza.

"Nimezaa watoto wawili, nawapikia kama nina hoteli," alisema mama huyo wa miaka sabini na tisa, alipotembelewa jikoni kwake. "Nimewaambia, gari lile linafuga panya bandani kwangu. Litengenezeni pamoja au nalipima kilo. Likiungua tena, nalipima kilo, na nyinyi mtaendelea kupishana mlangoni mpaka mnizike. Na siku ya kunizika sijui mtapangaje zamu."

Ndivyo lilivyofufuliwa. Pistoni zilipopatikana, Ademir alilivuta hadi gereji, akaliacha getini na kuondoka. Maneno yalipitia kwa mama. Mwambie Ademir anunue betri. Mwambie dada betri ipo, na tangi nimeshaliosha na kulijaza spiriti. Hivyo hivyo, kwa majuma matatu.

Leo hapana pa kupitishia maneno. Gari lina viti viwili mbele, na Marilza lazima akae kando ya dereva kusoma geji. Ameifunga juu ya dashibodi, na inaonyesha mafuta yanafika kwenye nozeli kwa nguvu gani. Mwaka ule hapakuwa na geji hiyo.

"Sindano ikae juu ya tatu," anamwambia Ademir. "Ikishuka chini ya tatu nitasema achia. Ukisikia achia, unaachia."

"Na kama naona linavuta vizuri?"

"Unaachia."

"Sawa, bosi."

"Mimi si bosi wako. Mimi ni dada yako, ndiyo tabu yenyewe."

Mbio ya kwanza wanakwenda nusu mwendo, turbo bado haijasukuma sana. Sindano imetulia. Wanarudi, Marilza anafungua plagi moja na kuitazama kwenye mwanga. Rangi yake ni nzuri, ya mkate uliobanikwa. Anairudisha. Mbio ya pili wanaongeza. Anafungua tena plagi, anatazama tena.

"Vipi?" Ademir anauliza.

"Hai."

Mbio ya tatu ndiyo yenyewe. Marilza anafunga mkanda, anaufungua, anaufunga tena. Ademir anaona, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hana utani.

Gari linaondoka. Gia ya pili, ya tatu. Turbo inapiga mluzi, miwa inapita dirishani kwa kasi, sindano iko juu ya tatu na nusu. Gia ya nne. Ademir anakanyaga hadi chini. Uno ndogo inachomoka na kuwabana wote wawili vitini.

Sindano inatikisika. Tatu na nusu. Tatu na robo.

"Baba angeona hii," anasema Ademir.

Tatu. Mbili na nusu.

"Achia!"

Linavuta vizuri. Ademir mwenyewe baadaye alikiri kwamba lilikuwa linavuta kuliko wakati wowote, na kwamba mguu wake ulitaka kubaki palepale. Aliinua. Kwa jinsi Marilza anavyokadiria, ilikuwa sekunde moja, labda moja na nusu. Gari likaenda lenyewe hadi mwisho wa uwanja, kimya, likasimama kwenye majani.

Hakuna aliyeshuka mara moja.

"Nimekosea tena," alisema Marilza. "Hesabu imekataa tena."

Lakini fundi ni fundi. Alishuka, akalala chini ya gari, akafungua chujio la mafuta. Lilikuwa jipya, la siku nne. Akalipindua na kumwaga yaliyomo kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

Kilichotoka kilikuwa uji wa kahawia, mzito, wenye chembe za kutu.

Marilza aliusugua kati ya vidole viwili. Kisha akamwuliza mdogo wake swali ambalo kila mteja wa gereji yake huulizwa kabla hata hajazima gari, na ambalo Ademir peke yake hakuulizwa.

"Tangi uliliosha na nini?"

"Na petroli. Ile ya bei mbaya, lita kumi nzima. Nililitikisa mpaka mgongo ukauma."

"Petroli."

"Ndiyo, sasa nilioshe na nini, sabuni?"

Mwenye kuelewa kazi hii ameshashika kichwa. Uchafu ulioganda tangini kwa miaka ya petroli, petroli haiutoi. Ni kuuosha kwa kile kile kilichouzaa. Ethanoli ikiingia, hiyo ndiyo inayoubandua wote kwa mara moja na kuusukuma kwenye chujio, na chujio likiziba nozeli zinabaki na kiu wakati turbo imeshiba hewa. Ndiyo maana tangi huoshwa kwa ethanoli, mara mbili, kabla ya kufunga chochote.

"Na mwaka ule?" Marilza aliuliza, polepole. "Uliniambia umeosha."

"Si niliosha? Hivi hivi, na petroli."

Marilza alikaa chini, kwenye vumbi. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Ila mwaka ule hakuuliza kwa sababu alimwamini mdogo wake, na mwaka huu hakuuliza kwa sababu hasemi naye.

"Nilijua tangi chafu linaua injini," alisema. "Lakini nililitoa kwenye hesabu, maana wewe ulisema ni safi. Nikabaki mimi tu wa kulaumiwa. Miaka kumi na minne, Ademir. Miaka sita nimelala chini ya matrekta ya watu."

Ademir alikuwa ameshika kile kifuniko, hajui akiweke wapi.

"Sikujua, dada."

"Najua hukujua. Nina hasira vilevile."

"Nilikuita Kikokotoo."

"Uliniita."

Hasira au la, zilikuwapo pistoni. Marilza alizifungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa. Pistoni ikianza kuyeyuka, hutema vitone vyeupe kwenye plagi yake kabla ya kutoboka. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya nne safi. Ya tatu ilikuwa imepauka kama chaki, naye akaigeuza mara tano, sita, akiilenga juani.

"Ina nini?" Ademir aliuliza.

"Imeungua uso." Akaipitishia kucha. "Haina vitone. Imepona. Uliinua mguu kwa wakati."

Ademir aligeuka kutazama miwa, akapangusa uso kwa mkono wa sweta. Mwanamume wa miaka arobaini na minane, mwenye kuendesha malori yenye matela mawili, alilia bila kujificha sana.

Kuliteremsha tangi na kuliosha kwa ethanoli, mara mbili kama inavyotakiwa, kulichukua saa tano. Saa sita na nusu simu ya Ademir iliita. Alikuwa mama yao, anauliza mbona zamu ya kwanza haijafika.

"Tutachelewa, mama," alisema Ademir. "Mimi na dada."

Upande wa pili kifuniko cha sufuria kiliwekwa chini.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Basi naongeza maji kwenye maharage," alisema Dona Oneida, na akakata.

Saa tisa alasiri tangi lilikuwa limerudi mahali pake na chujio jipya limefungwa. Ademir alikwenda upande wa dereva kama kawaida. Marilza alikuwa ameshakaa hapo. Katika miaka yote ya kubadili magari, hajawahi kukanyaga turbo hadi mwisho kwa mguu wake mwenyewe. Aliogopa hesabu zake.

"Kaa hapo usome geji," alisema.

Gia ya pili, ya tatu, ya nne. Kutoka pembeni mwa uwanja ulisikika mluzi wa turbo tu. Haukukatika hadi mwisho wa lami. Waliporudi, Ademir alikuwa amenyoosha vidole vitatu na nusu nje ya dirisha. Sindano haikuwa imetikisika.

Marilza anasema hataki kuombwa msamaha kwenye uwanja usio na watu. Anataka neno lifutwe pale lilipotamkwa, kwenye duka la mikate, wakati wa kahawa, na Ademir ameahidi kwenda Jumamosi. Anataka pia kuongeza kibao kwenye ukuta wa gereji, cha kuwakumbusha wateja kuhusu tangi.

Lakini alipoulizwa anatumaini nini hasa, aliacha kufunga zana zake.

"Zimepita Jumapili zaidi ya mia saba," alisema. "Mimi sikuzihesabu, mama ndiye aliyezihesabu. Hizo siwezi kumrudishia. Nataka zilizobaki awe anapika mara moja tu."