Hotuba ya Baba Mdogo Anatory

Insha ya kwanza Edvina alipata saba kwa ishirini, ya pili tisa. Kwa msichana aliyeongoza darasa tangu shule ya msingi kule Buganguzi, hiyo ilikuwa aibu ya kujifunika kanga usoni. Chuo kilikuwa Bukoba mjini, chumba amepanga Nshambya, na somo lililomtoa jasho lilikuwa Kiingereza cha Mwalimu Kahigi, mzee mpole asiyependa kupaza sauti wala kugawa alama. Kila baada ya wiki mbili aliwapa hotuba, wakaichambua kwa maandishi: msemaji ni nani, anasema na nani, anataka wafanye nini, na anawafikishaje huko. Edvina akawa anaandika tu jinsi hotuba ilivyo nzuri.

"Wewe unasifia chakula," Mwalimu alimwambia akimrudishia ile ya tisa. "Mimi nataka uniambie kilivyopikwa. Na uangalie pia kile ambacho mpishi hakukitia."

Insha ya mwisho wa muhula akawaachia wachague wenyewe hotuba yoyote iliyowahi kuwagusa, hata ya kijijini, mradi waiandike kwanza neno kwa neno na kuitafsiri. Wenzake wakakimbilia hotuba za wakubwa. Edvina hakuwaza mara mbili, kwa sababu yake alikuwa nayo kwenye simu.

Ilikuwa hotuba ya siku ya kuondoa matanga ya baba yake, mzee Bartholomayo, mwaka uliopita. Ukoo ulikaa kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambamo Wahaya huzaliwa na ndimo huzikwa. Buni za kutafuna zilipozunguka, akasimama Anatory, mdogo wa marehemu. Buganguzi nzima inajua kwamba Anatory akisimama hata mtoto mchanga huacha kulia. Akasema "Waitu kasinge," kuomba asikilizwe, na watu wote wakaitikia "Kasinge," kuonyesha wanamsikiliza. Alisema kwa dakika kumi na nne. Edvina alilia kwa uzuri wa maneno yale, na aliyarekodi ili awe akiyasikiliza akimkumbuka Tata, baba yake. Aliyasikiliza mara nyingi kweli, maskini, na kila mara yalimfariji.

Basi Jumamosi moja asubuhi akaketi na daftari, simu sikioni. Dakika kumi na nne zikamla siku nzima. Akaandika Kihaya upande huu, Kiingereza upande ule, na mchana ulipofika akaanza kutafuta ambacho mpishi hakukitia. Hakuhangaika sana. Jina la mama yake halikuwamo.

Adventina alikuwa ameishi kwenye kibanja kile miaka ishirini na sita. Migomba mingi pale ni yeye aliyeipanda, maharage chini yake ni yake, na kando ya kaburi la mumewe alikuwa akipalilia nafasi ya mtu mmoja, bila kumwambia yeyote ni ya nani. Katika hotuba yote Anatory alimtaja mara tatu, na mara zote tatu alisema "mgeni wetu tuliyemheshimu". Mwishoni akaongeza kwamba mgeni aliyechoka hupumzishwa kwao. Siku ile Edvina aliisikia heshima. Sasa alitakiwa aandike kwa Kiingereza sentensi ile inafanya kazi gani, na kalamu ikamkatalia mkononi, kwa sababu jibu lilikuwa fupi. Mgeni husindikizwa. Akishasindikizwa harudi kulala.

Likabaki swali la Mwalimu kwamba anasema na nani. Wazee wa ukoo hawakuhitaji kushawishiwa, walikuwa wamekubaliana kumwondoa Mama wiki nzima kabla. Mama hakuulizwa neno. Edvina akarudisha dakika ya kumi na moja, ile aliyokuwa akiipenda kuliko zote. "Kwa mara ya kwanza katika ukoo huu," alisema Anatory, "muhtasari wa kikao utaandikwa na mtoto wa kike, maana kwa kalamu ametushinda wote. Na yeye ndiye atakayetujibu kwa niaba ya nyumba ya kaka yangu."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse msichana wa miaka ishirini anayejua kwamba ana akili. Alivishwa kilemba cha ukoka, naye akakiweka vizuri kichwani. Kwenye simu sauti yake mwenyewe ikafuata, nyororo, yenye furaha: "Kasinge, wazee wangu. Aliyosema baba mdogo ndiyo yaliyomo mioyoni mwetu. Nimeyaandika." Kisha makofi. Muhtasari aliuandika kwa mwandiko wake wa kupendeza, akautia saini ya kwanza. Mwezi uliofuata Mama alipelekwa Kemondo, kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kaka yake Ildefons, na Datius mtoto wa Anatory akahamia kwenye nyumba ya kibanja. Aliyemfungia Mama mizigo ni Edvina, akimwambia kwamba sasa atapumzika.

Insha iliyobaki aliiandika akilia. Sehemu ya mwisho iliuliza kama hotuba ilifaulu. Akaandika kwamba ilifaulu, na ushahidi ni yeye.

Alipata kumi na nane. Mwalimu Kahigi aliandika chini kwa wino mwekundu kwamba hapo sasa ameonyesha chakula kilivyopikwa, na hakuuliza zaidi. Edvina aliikunja ile karatasi, akapanda gari la Muleba, akashuka Buganguzi kwa baba mdogo.

Anatory alimpokea kwa furaha, akamkalisha kiti kizuri, akampa buni. Akamsikiliza mpaka mwisho. Edvina alisema vizuri, kwa mpangilio, akataka Mama arudishwe nyumbani kwake. Mzee hakukasirika hata kidogo. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya nailoni, akaufungua muhtasari magotini.

"Mwandiko huu ni wa nani, mwanangu?"

Akasema tena, kwa upole uleule, kwamba Edvina akienda kata au mahakamani, karatasi itakayosomwa ni hiyo. Edvina alitoka bila kuaga. Pale kaburini kwa Tata, ile nafasi iliyokuwa ikipaliliwa ilikuwa imeota magugu ya magotini, na Datius alikuwa amepanga matofali juu yake.

Kemondo alimkuta Mama akipukuchua maharage ya wifi yake. Akamwambia yote, hotuba, mgeni, muhtasari, matofali. Mama hakuacha kupukuchua.

"Nilielewa siku ileile, mwana wange," alisema. "Alipotamka neno mgeni, nilielewa."

"Mbona hukusema, Mawe?"

"Ulikuwa umesimama mbele ya wazee na kalamu mkononi. Nilikuangalia usoni. Sijawahi kukuona na furaha ile tangu baba yako augue. Ningekukatizaje?"

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu alikuja mapema na akakaa. Edvina aliinama akalia mpaka Mama akamwekea mkono mgongoni. Baada ya muda akamuuliza ile karatasi aliyoishika ni nini, na alipoambiwa ni insha, imepata kumi na nane, uso ukamchangamka. Akaomba asomewe.

"Ni Kiingereza, Mawe."

"Wewe soma."

Akasoma, kurasa zote tano. Adventina aliacha maharage, akaketi wima, mikono mapajani, akitikisa kichwa polepole kama watu wanavyosikiliza kwenye ukoo. Hakuelewa hata neno moja. Edvina alipomaliza, Mama akamwitikia.

"Kasinge," alisema.