Kozi Niliyogawiwa na Ukoo

Mtu akiniuliza kwa nini nilisomea udongo, hasira hunipanda kabla sijafungua mdomo. Mimi hujibu kwa upole, nikisema kilimo ni uti wa mgongo na maneno mengine ya namna hiyo. Lakini hasira iko palepale.

Ukoo wetu una desturi ambayo wageni huisifu sana. Watoto wakifuzu kwenda chuo kikuu, hawachagui kozi wenyewe. Wazee na akina mama hukutana Sultan Hamud nyumbani kwa baba mkubwa, kaka ya baba yangu, ambaye ana duka la misumari na mabati na ndiye mwenyekiti wa ukoo. Hapo taaluma hugawanywa kama nyama ya mbuzi, huyu mguu, yule mbavu. Ukoo usikose mtu popote: mtu akiugua kuwe na muuguzi wetu, akishtakiwa kuwe na wakili wetu. Kupeleka wawili kwenye kozi moja huonekana ni hasara tupu.

Mwaka wangu tulifuzu wawili, mimi kutoka Kanyangi na kijana wa shangazi yangu kutoka Mtito Andei. Mimi nilitaka sayansi ya kompyuta, na sikuitaka kwa ajili ya jina. Shuleni niliandika programu ya kupiga wastani wa alama za darasa zima, mwalimu wa hisabati akaweka kando kalkuleta yake na kutumia programu hiyo hadi tulipomaliza. Nilikuwa nimepasi hisabati na fizikia vizuri. Kikao kikasema kompyuta apewe yule kijana, kwa kuwa likizo alikuwa akitengeneza simu za madereva wa malori. Mimi nikapewa kilimo, upande wa udongo, kwa sababu mvua imekuwa kigeugeu na hakuna mtu wa kwetu anayejua kwa nini ndengu zinakataa kumea.

Tulipotoka nje, kijana aliniambia alitaka kuwa tabibu. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini mimi sikusema. Kisha tukaitwa ndani kwa maombi, tukaombewa kozi ambazo hakuna kati yetu aliyezitaka.

Chuoni nilivumilia siku chache tu, nikaenda kubisha hodi kwa mwenyekiti wa idara ya kompyuta. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliangalia matokeo yangu na kunivutia kiti. Alinieleza kwamba miaka miwili ya kwanza wote husoma mambo yaleyale, hisabati, kuandika programu na namna mashine inavyohifadhi data. Mwaka wa tatu kila mtu huchagua upande wake, mitandao, programu au uchambuzi wa data. Na mwaka wa mwisho hufanya mradi wa kwake mwenyewe. Masharti ya kuingia yalikuwa hisabati na fizikia, na nilikuwa nazo zote mbili. Alipotaja mradi, mikono ilianza kuniwasha kwa hamu.

Lakini kuhama kuliruhusiwa mwaka wa kwanza tu, na mwisho ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikipita, imepita. Watu wa kilimo walikuwa tayari kuniachilia.

“Nafasi iko moja,” mwenyekiti aliniambia. “Kuna mtu hakuripoti. Weka sahihi, na mimi niweke yangu, imeisha.”

Nikamwambia ngoja kwanza niulize nyumbani.

“Uko na kitambulisho?”

Nikasema ninacho.

“Basi wewe ni mtu mzima,” akasema, na kunisukumia kalamu. Sikuishika.

Jioni nilimpigia baba. Baba yangu ni mtu mpole anayeogopa kuonekana amemruka kaka yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo hilo limemzidi kimo, kwani ni ukoo ulioniaga na kuniombea. Hata hivyo ukoo ungekutana Jumamosi, na angelileta mbele yao. Nikahesabu: Jumamosi ilikuwa kabla ya Ijumaa ile. Nikalala nikiwa na matumaini.

Siku mbili baadaye nyanya mmoja wa ukoo alifariki huko Makueni. Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, ukoo haujadili jambo lingine lolote, hata liwe dogo namna gani. Kikao kikasogezwa mpaka baada ya mazishi, na mazishi yakapangwa Jumamosi iliyofuata, siku moja baada ya Ijumaa yangu. Nilimsihi baba ampigie baba mkubwa simu, amwulize tu. Akasema mambo ya ukoo hayaamuliwi kwa simu, halafu akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikuwa nimewahi kumjibu baba yangu hivyo, naye akasema mtandao ni mbaya, hanisikii.

Ijumaa nilikaa darasani nikifundishwa tofauti ya udongo wa mfinyanzi na wa tifutifu, nikawa natazama saa kuliko ubao. Jioni nilipita idara ya kompyuta. Mwenyekiti alikuwa anafunga ofisi. Alisema aliningoja mpaka saa kumi, kisha nafasi akampa mwingine. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Nilimwambia baba dirisha la kuhama limefungwa. Akasema hata hivyo nije, kwa kuwa jambo limeshaandikwa kwenye ajenda. Sijui nani mwingine duniani angefanya hivyo, lakini nilienda. Nikasimama sebuleni kwa baba mkubwa, mbele ya watu wenye vumbi la kaburi kwenye viatu, nikaeleza nilichotaka. Baba mkubwa aliuliza kama kozi hiyo ina kazi. Shangazi akasema ingekuwa vizuri kijana wake apate wa kusoma naye. Mikono ikainuliwa, wote wakakubali kabla chakula cha muthokoi hakijapakuliwa, na mama mmoja akaanza kupiga makofi.

Ndipo nikawaambia kwamba mwisho ulikuwa jana, Ijumaa, na nafasi imeenda.

Makofi yakakoma. Baba mkubwa alinitazama kwa huruma ya kweli, uso umemkunjamana.

“Sasa, mwiitu wakwa, binti yangu,” akasema, “ulikuwa unangoja nini? Si masomo ni yako?”

Nilimgeukia baba ili ajibu. Alikuwa ameinama, anakwangua vumbi la kiatu kwa kidole. Na baba mkubwa alikuwa bado amenikazia macho, wala hakuwa ananilaumu. Alitaka kujua.