Kamba Mpya ya Masunga

Kamba ya katani ikisuguliwa kwa nguvu kwenye gome la mti hutoa harufu isiyofanana na nyingine: nusu majani makavu yaliyoungua, nusu nywele zilizosogezwa karibu na moto. Juzi niliisikia hapa Mwanza, vijana walipokuwa wakiteremsha jenereta kwenye mteremko wa jengo jipya. Nilisimama katikati ya njia, watu wakinikwepa na kunisonya. Nilikuwa nimerudi Bariadi, niko darasa la nne, namtazama Masunga kwa jicho la pembeni.

Masunga alikuwa mchomeleaji kama baba. Karakana zao zilitazamana, barabara katikati, zote mbili zikiwa chini kidogo, kwa sababu barabara ilipowekwa lami ilinyanyuliwa na sisi tukabaki shimoni. Kila asubuhi walisalimiana "Mwangaluka!" kwa sauti kubwa kupita kiasi, sauti ya watu wanaochungana. Wateja wao walikuwa walewale, wenye mageti, plau zilizovunjika na matela ya ng'ombe. Ndipo mzee mmoja wa Lalago alipotangaza kuwa anauza mashine yake ya kukereza vyuma. Wote wawili waliitaka. Baba ndiye aliyewahi.

Nyumbani tulifurahi, lakini mayu, yaani mama, hakulala vizuri. Alisema Masunga amepokea habari ile kwa tabasamu, na yeye tabasamu la Masunga halijui. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka walimu wakanichoka, na hilo likanipa kazi mpya. Nikaanza kumchunguza. Niligundua jambo moja tu: siku chache kabla ya habari ile alikuwa amebomoa ukuta wa mbele wa karakana yake na kuweka mlango mpana, wa chuma, wa kufunguka pande mbili. Watoto wa mtaa tulikubaliana kwamba anataka kununua gari.

Mashine ilifika juu ya lori lenye winchi. Dereva akaishusha kando ya lami, juu ya magogo mawili yaliyofungwa pamoja, akasema mkono wa winchi yake haufiki kule chini, akaondoka zake. Ikabaki pale, nyeusi, inanuka oili ya zamani, kichwa chake kizito upande mmoja kama mnyama anayetaka kulala. Kutoka pale hadi mlangoni kwetu ilikuwa sehemu ya tambarare, halafu mteremko.

Kwetu kitu kikigoma hufungiwa ng'ombe. Baba alikuwa ameshatuma salamu Ngulyati, na mdogo wake, baba mdogo Nkwabi, akaja na maksai wa kulimia. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza. Mabomba ya chuma yatandikwe chini ya magogo, maksai wavute mbele kwa mnyororo, na baba achukue kila bomba linalobaki nyuma alipeleke mbele.

Hapo ndipo Masunga alipovuka barabara, kamba begani. Kamba mpya kabisa, nene, bado nyeupe.

"Nani kakuita wewe?" Nkwabi aliuliza, nusu utani.

"Kwani barabara umeijenga wewe?"

Akafunga kamba nyuma ya magogo, akaizungusha kwenye shina la mwarobaini uliokuwa kando ya lami, akashika ncha yake na kukaza miguu.

Nyuma! Watu wote wanavuta mbele, huyu mmoja anavuta nyuma. Nilikimbia hadi jikoni. "Mayu, Masunga anairudisha mashine!"

"Nilijua," alisema mayu, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Alichukua kigoda, akakiweka chini ya mwarobaini, akakaa akiwa amefunga mikono kifuani. "Endelea tu, shemeji. Mimi napunga upepo."

"Punga, shemeji. Ila kamba usiikalie."

Mashine ilianza kwenda. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena, na kila ilipokaza maksai walihema. Baba alipaza sauti bila kugeuka: "Masunga, legeza hiyo, unanichoshea ng'ombe!"

"Ng'ombe wako hawana breki!"

Watu walicheka. Mayu hakucheka, na mimi nikakaza uso kama yeye.

Walipofika ukingoni mwa mteremko mtaa mzima ulikuwa umejaa. Magogo yaligusa ukingo, na vijana kwa furaha wakapiga miluzi. Ninyi mliokulia mashambani mmeshaelewa. Maksai wa plau anajua mluzi kwa maana moja tu: ongeza nguvu. Hakuna aliyelifikiria hilo, kwa sababu sote tulikuwa tukishangilia kama tunavyoshangilia shambani. Maksai walirukia mbele kwa pamoja. Mashine ikavuka ukingo, ikaanza kuteremka yenyewe, na baba alikuwa amepiga magoti mbele yake, bomba mkononi.

Nakumbuka kamba ikilia. Moshi mwembamba ukatoka kwenye gome. Mayu alikuwa amekwisha kuruka kutoka kwenye kigoda na kuishika kamba nyuma ya mikono ya Masunga, mguu wake mmoja ukisukuma shina, kitenge kimefunguka, hajali. Mashine ikasimama. Baba alivuta goti lake taratibu, kana kwamba anaogopa kuiamsha.

Nkwabi akafungua mnyororo na kuondoa maksai. Kisha Masunga na mayu wakaiteremsha wao, wakiiachia kamba kidogo kidogo kuzunguka mti, mpaka mlangoni.

Jioni baba alivuka barabara kwenda kushukuru. Mayu alibaki akijipaka mafuta viganjani. "Mtu anajuaje kitu kitaponyoka wapi," aliniuliza, "kama hakutaka kiponyoke?"

Nililibeba swali hilo miaka mingi, hadi chuo kikuu, na kwa kweli nililipenda. Lilinifundisha kutomwamini mtu anayefika na msaada kabla hajaombwa. Juzi tu, katika harufu ile, ndipo nilipojiuliza swali jingine. Fundi wa mageti alinunua kamba mpya ya unene ule ya nini? Na karakana yake nayo ilikuwa na mteremko uleule.

Alijua mahali pa hatari kwa sababu alikuwa ameshaipitisha mashine ile, kichwani mwake, usiku baada ya usiku, akiipeleka kwake. Sisemi kwamba hakutuonea wivu. Nadhani alituonea sana.

Gari halikuja kamwe. Kila nikienda likizo nyumbani nauona ule mlango mpana. Masunga hufungua upande mmoja tu.